Mdhamini wa Baridi

Ukumbi wa kulipia bili za maji ulikuwa umejaa hadi mlangoni, na wengi wa waliojaa hawakuja kulipa bili. Walikuja kulipa faini ya kukatiwa. Hilo ndilo lililomkera zaidi dada mmoja aliyesimama katikati ya foleni, gauni lake la rangi ya haradali limeanza kushikana na mgongo kwa joto, miwani ya fremu nyekundu ikimteleza puani kila baada ya dakika. Bili yake ilikuwa bado na siku nne kabla ya tarehe ya mwisho. Hajawahi kukatiwa maji maishani mwake. Lakini malipo ya simu yalikuwa yamegoma tangu jana, naye hakuwa mtu wa kungoja siku ya mwisho, kwa hiyo aliomba ruhusa ya saa moja kazini. Saa hiyo ilikuwa imekwisha na mbele yake kulikuwa na watu wasiopungua ishirini.

Kazini walimwita Pima. Alikuwa fundi wa kukata lenzi katika duka la miwani, na alikuwa na tabia ya kupima kila kitu mara mbili kabla ya kuweka lenzi kwenye mashine. Jina lilimkaa hadi nyumbani, hata mama yake akamwita hivyo akitaka kumtania.

Mbele yake alisimama kijana mrefu wa ovaroli ya buluu, mikono imekunjwa hadi viwikoni, viatu vyeupe pee utadhani havijawahi kukanyaga chini. Alikuwa akipiga soga na mlinzi, na mama mwenye mtoto mgongoni, na hata na karani wa dirishani kwa ishara za mbali. Akageuka, akamwona Pima anavyoitazama saa.

"Dada, wewe umekatiwa lini?"

"Sijakatiwa."

"Sasa umefuata nini huku kwetu?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Pima hakucheka, ila mdomo ulimsaliti kidogo pembeni. Kijana akamweleza kwamba kwake hii ni mara ya tatu mwaka huu, na kwamba yule karani humwita mteja wa kudumu. Pima akamuuliza kama hana pesa, na papo hapo akajuta, maana si swali la kumuuliza mtu msiyejuana.

"Pesa ninayo," kijana akasema bila kuona haya. "Ila bili ikija naiweka juu ya friji, na mimi ni fundi wa mafriji. Nayaona mengi mno kwa siku, nasahau ipo kwenye lipi."

Alimpisha Pima akae mbele yake, kisha akawaomba wa mbele nao wampishe dada ambaye hajafanya kosa lolote, na kwa maneno yake matamu Pima akajikuta dirishani kabla ya robo saa. Kufika nje, namba yake ya simu ilikuwa tayari kwenye simu ya fundi yule, kwa kisingizio cha friji ya mama yake iliyokuwa ikinguruma. Wenzake walimwita Baridi, kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu hakuna jambo lililowahi kumtia haraka.

Baridi aliahidi kuja kuitazama friji saa mbili asubuhi. Alifika saa sita, na tikiti maji kubwa begani. Mama alikuwa amenuna, lakini kijana alimpa shikamoo kwa adabu zote, akapiga magoti nyuma ya friji, akaifungua, akaifunga, akakataa malipo, na alipoondoka friji haikutoa sauti yoyote. Mama akasema kijana ana moyo. Pima akasema na saa je, anayo? Mama akamwambia aache kupima watu kama vioo.

Wakapendana. Baridi alikuwa akimpigia simu kila siku muda wa chakula cha mchana, na hiyo ndiyo saa pekee ambayo hakuwahi kuikosa.

"Umekula, daktari wangu?"

"Mimi si daktari. Nakata lenzi."

"Kwangu ni daktari. Tangu siku ile naona vizuri."

Pima alikuwa akigeukia ukutani ili msimamizi wake asimwone anavyotabasamu. Baridi alimsikiliza. Alikumbuka jina la kila mteja aliyemsumbua, alijua kwamba hapendi sukari kwenye chai, alimsindikiza mama kliniki siku ambazo Pima hakupewa ruhusa. Kama mapenzi ni kujali, alikuwa nayo tele. Lakini kodi ya nyumba aliilipa baada ya mwenye nyumba kubisha hodi mara mbili. Kila wiki alikopa pesa kidogo kwenye simu, mara ya vocha, mara ya nauli, wakati pesa zake mwenyewe zimelala benki, ati anaona uvivu kuzihamisha. Meseji za kumkumbusha zilipoingia alizifuta huku akicheka.

"Hawa hutuma meseji tatu kabla hawajakasirika," alimwambia Pima. "Nikilipa kwenye ya kwanza nitawazoesha vibaya."

Siku hizo Pima naye alicheka.

Walipofikisha mwaka mmoja, Baridi alipata kazi ya kuhudumia vyumba vya baridi vya maduka kadhaa makubwa, akahitaji gari dogo la mizigo kubebea mitungi ya gesi na kompresa. Benki ilikubali kumkopesha akipata mdhamini mwenye mshahara. Pima alisoma mkataba mara mbili, kama kawaida yake. Alielewa kwamba Baridi asipolipa, atalipa yeye. Kuhusu kuchelewa hakuona neno lolote lililomtisha, basi akasaini. Siku ya kuchukua gari Baridi alimfungulia mlango kama dereva wa waziri, wakazunguka mji mzima bila kwenda popote.

Miezi mitano baadaye ikaja zamu ya Pima. Kwa miaka mingi alikuwa na ndoto ya kuwa na karakana yake mwenyewe ya kukata lenzi. Alipata chumba kimoja mkabala na kliniki ya macho, chenye dirisha pana na mwanga mzuri. Mwenye chumba akakubali kumshikia hadi mwisho wa mwezi. Akiba ilitosha kodi na samani. Kilichobaki ni mashine, na mashine ilihitaji mkopo.

Afisa mikopo alikuwa mwanamke wa makamo, mtandio wake umefungwa vizuri bila hata uzi kutoka nje, sauti ya upole kama ya nesi anayekuja na sindano. Aliandika, akasubiri, kisha akaigeuzia skrini upande wa Pima.

"Alama zako za mikopo ni mia nne na kumi na nane, mwanangu. Sisi tunaanzia mia sita."

Pima alidhani kuna makosa. Akasema hajawahi kukosa kulipa kitu chochote, hata maji hulipa kabla ya siku. Afisa akamwambia bili ya maji hawaioni wao. Wanachoona ni mikopo. Akamwonyesha kwa ncha ya kalamu: mkopo wa gari aliodhamini umechelewa mara nne kati ya tano. Siku kumi na moja, siku kumi na tisa, siku nane, siku thelathini na nne.

"Lakini umelipwa," Pima akasema.

"Umelipwa. Umechelewa. Hayo ni mambo mawili."

Kalamu ikashuka. Akaunti ya chama cha akiba na mikopo, ambako Pima alikopa na kulipa vizuri miaka sita, aliifunga mwaka uliopita ili kuepuka makato madogo ya kila mwezi, na historia yake nzuri ilikoma hapo. Wiki mbili zilizopita alikuwa ameomba mkopo wa mashine sehemu tano tofauti, kwa nia ya kulinganisha riba, na kila aliyechungulia kumbukumbu zake aliacha alama, akaonekana kama mtu anayehaha kutafuta pesa. Mwisho kabisa palikuwa na mkopo mdogo wa simu uliosomeka haujalipwa. Tarehe haikuonekana pale. Afisa alisema taarifa kamili anaweza kuiomba yeye mwenyewe kwenye ofisi ya kumbukumbu za mikopo, na huja baada ya siku chache.

Pima alitoka nje. Mkopo wa simu hakuukumbuka kabisa. Aliyeijua namba ya siri ya simu yake alikuwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikopa kwenye simu kama anavyokunywa maji. Siku hiyo Pima hakupima hata mara moja. Alimpigia Baridi palepale, kwenye ngazi za benki, watu wakimpita kulia na kushoto.

Alianza na gari. Baridi akajitetea kwa uvivu wake uleule, kwamba pesa ilikuwepo, kwamba mwezi wa nne alikuwa na kazi nyingi, kwamba si wamelipwa hatimaye. Pima akamweleza kuhusu chumba chenye dirisha, na kwamba ndoto ya miaka yote imezuiwa na siku kumi na moja na kumi na tisa. Kama angeishia hapo huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini hasira ilikuwa imeshampanda.

"Na ule mkopo uliochukua kwa simu yangu, ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Mkopo gani?"

"Usinifanye mjinga, Baridi. Namba yangu ya siri unayo wewe peke yako."

Baridi alijibu kwa sauti isiyo na mzaha wowote. "Kuchelewa nimechelewa, na nimekuumiza, nimesikia. Kuiba sijaiba." Kisha akakata simu.

Kesho yake saa ya mchana simu haikulia. Keshokutwa yake pia. Pima aliharibu lenzi mbili katika wiki moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Nyumbani mama aliuliza mara moja tu, akajibiwa mkato. Mwisho wa mwezi chumba cha dirisha pana kikapewa kinyozi. Pima alipita pale akaona viti vyekundu vinashushwa kutoka kwenye gari, akaendelea na safari yake bila kugeuza kichwa.

Taarifa kamili ilifika siku ya nane, kurasa sita. Aliisoma dukani wakati wa mapumziko, amekaa kwenye kiti cha wateja. Mkopo wa simu ulikuwa kwenye ukurasa wa tano. Ulichukuliwa miaka mitatu iliyopita, kwa laini yake ya zamani, kabla hata hajajua kwamba kuna mtu duniani anaitwa Baridi.

Akakumbuka. Dawa za mama ziliisha katikati ya mwezi, akakopa kwenye simu, akalipa mshahara ulipotoka. Alilipa kiasi kilekile alichokopa, akasahau ada. Iliyobaki haikufika hata bei ya soda mbili. Mwezi uleule simu ikaibwa, akachukua laini mpya, na meseji zote za kumkumbusha zikawa zinakwenda kwa laini iliyokufa. Miaka mitatu hiyo bei ya soda mbili ilikuwa ikizaana na adhabu, na jina lake kamili limebandikwa juu yake.

Aliulipa kwa dakika tano. Kwenda kwa Baridi kulimchukua siku tatu. Kila jioni alivaa, akachana nywele, akakaa kitandani, akavua. Siku ya tatu mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umemkosea au amekukosea?"

"Yote mawili, mama."

"Basi lako lilipe wewe kwanza. La kwake litajijua."

Asubuhi yake alipitia benki kabla ya kitu kingine, kwa sababu kulikuwa na jambo alilotaka kulielewa vizuri. Afisa wa mtandio alimpokea bila miadi. Pima akamuuliza kama ni afadhali mkopo wa gari ufungwe haraka ili jina lake litoke. Afisa akatikisa kichwa. Ukifungwa leo, alieleza, ucheleweshaji wote unabaki kwenye kumbukumbu na hakuna jipya zuri la kuufunika. Ukiendelea, ukalipwa kila mwezi kwa siku yake, hapo ndipo alama hupanda, taratibu sana, lakini hupanda. Pima akashukuru, akaenda.

Karakana ya Baridi ilikuwa uani kwa duka la vipuri, uwanja mdogo uliojaa mafriji yasiyo na milango. Pima alimwona kabla hajaonekana. Alikuwa amesimama kando ya gari lake dogo la mizigo pamoja na bwana mnene mwenye kofia, na bwana huyo alikuwa akipiga magurudumu kwa mguu na kuinama kutazama uvunguni. Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa.

"Unauza gari?" Pima akauliza.

Baridi akageuka. Alikuwa amekonda kidogo usoni, na vile viatu vyeupe havikuwepo, alivaa buti za kazi zilizochakaa. Akamwomba bwana wa kofia samahani, akasogea naye kivulini, lakini akasimama mbali, kama anavyosimama na mteja mgeni.

"Nataka jina lako litoke kwenye karatasi zangu," akasema. "Nikiuza, nalipa deni lote. Inabaki kidogo, nitaongezea."

"Na mitungi utabebea nini?"

"Nitakodi mkokoteni. Hilo si lako."

Pima alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, yamepangwa vizuri. Yote yakampotea. Akasema mkopo wa simu ulikuwa wake mwenyewe, wa miaka mitatu, na kwamba alimwita mwizi bila kusoma hata karatasi moja. Akasema samahani. Kisha, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na hakutaka kulia mbele ya bwana wa kofia, akaanza kueleza kwa haraka alichoambiwa benki, kwamba gari lisiuzwe, kwamba kulifunga deni hakusaidii kitu.

Baridi alisikiliza hadi mwisho. Akavua kofia yake ya kazi, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Kwa hiyo ili jina lako lipone lazima uendelee kuwa mdhamini wangu."

"Miezi thelathini na moja imebaki."

"Na unaniamini?"

"Hapana," Pima akasema. "Bado. Ndiyo maana nataka tuende benki sasa hivi, ukasaini wakate wenyewe kila mwezi, siku moja baada ya wale wa maduka kukulipa. Usiwe na nafasi ya kusahau."

Baridi akaenda kumwomba radhi yule bwana wa kofia, ambaye aliondoka akilaani kupotezewa asubuhi yake. Wakaenda benki kwa gari lilelile. Kwenye taa nyekundu Baridi alisema kwamba siku ile kwenye simu kilichomuuma zaidi si neno lenyewe. Kilichomuuma ni kwamba alijiuliza kama kweli mtu anayeishi kama yeye hatofautiani sana na mwizi. Pima akamwekea mkono begani hadi taa ilipobadilika.

Uliofuata haukuwa mwaka rahisi. Baridi alimaliza kulipa kila mkopo mdogo wa kwenye simu yake, na mara mbili Pima alimkamata amechukua mwingine, wakagombana hadi mama akawatoa nje wakagombanie huko. Mwezi mmoja maduka yalichelewa kumlipa, Baridi akauza friji tatu alizozitengeneza kwa bei ya kutupa ili akaunti isikutwe tupu siku ya makato. Alilichukia jambo hilo, na alisema hivyo. Pima naye alijifunza kuuliza kabla ya kuhukumu, ingawa hakujifunza kikamilifu. Simu za mchana zilirudi.

Ulipotimia mwezi wa kumi na mbili wakaenda benki pamoja. Pima alivaa gauni jipya la kijani kibichi na viatu vya kisigino, kama anakwenda kupokea cheti. Palipatikana chumba kingine, kidogo, dirisha lake linatazama ukuta, lakini ni chumba. Afisa aliandika, akasubiri, akaivua miwani yake akaifuta.

"Mia tano tisini na moja," akasema. "Umepanda sana. Rudi baada ya miezi mitatu."

"Zimebaki tisa," Pima akasema.

"Najua, mwanangu. Kompyuta haijui."

Pima alishuka ngazi kwa kishindo. Alipokaribia chini alisimama, akavua kiatu kimoja kilichokuwa kikimbana, akakishika mkononi. Akasema amechoka. Amechoka na alama, na mistari ya skrini, na watu wasiomjua wanaomhesabu. Akasema na wewe usinipoze, sitaki kupozwa leo. Baridi hakumpoza. Alisimama ngazi moja chini yake ili macho yao yalingane.

"Nataka kukuoa," akasema.

Pima alimkodolea macho, kiatu mkononi. "Umechagua leo? Kati ya siku zote?"

"Siku nzuri ungesema ndiyo kwa sababu ya furaha. Mimi nataka kujua jibu lako ukiwa umekasirika."

Magari yalipita. Mlinzi wa benki alijifanya anatazama upande mwingine.

"Ndiyo," Pima akasema. "Lakini usinichekeshe. Bado nina hasira."

Baridi akakichukua kile kiatu, akaketi kwenye ngazi, akaanza kukipanua kwa vidole vyake vya kazi, polepole, huku mchumba wake amesimama kwa mguu mmoja ngazi ya juu, amemshika kichwa asianguke, akiendelea kuitukana benki kwa sauti ya chini.